Usimhesabie Mwamuzi Migeuko

Mwanangu Lusajo,

Umekwenda Kyimbila kumuaga bibi yako, nami namjua: hatakuachilia mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa kitu. Kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika. Mambo ya pasipoti, ya fedha za kushonea ndani ya suruali, ya kutokunywa chai ya mtu usiyemjua ukishavuka mpaka pale Kasumulu, mama yako amekwisha kuyasema. Nilikuwa chumba cha pili nikikusikia unaitikia "ndiyo, mama" huku unaendelea kufunga mzigo. Hayo sitayarudia. Wala sitakuandikia habari za sala, kwa sababu mchungaji atapita kesho kabla gari halijaondoka, na hapendi kutanguliwa.

Ninataka kukueleza jinsi utakavyopewa alama.

Najua unadhani unajua. Bwana Hendrik wa kiwanda cha chai alikueleza pale ufukweni Matema kwa Kiswahili chake cha kiwandani, na yaliyomshinda aliyasema kwa Kiingereza nikakutafsiria. Lakini kutafsiri ni kazi ya mbio. Mtu hushughulika na neno linalokuja akaliachia lililopita liende na maana yake. Mengi niliyoyatamka siku ile niliyaelewa baadaye, nikiwa shambani nakata majani makavu ya migomba, na kila nilipoelewa jambo nilikuta wewe hupo karibu.

Niseme kwanza kilicho mbele yako. Mdogo wake Bwana Hendrik ana karakana Durban, anatengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Amekubali kukupokea na kukuingiza katika shindano moja la vijana. Siku hiyo atakaa ufukweni atazame. Ukimridhisha, utabaki kwake ujifunze kazi na uteleze kwa jina la karakana. Usipomridhisha atakukatia tiketi ya kurudi, na migomba ipo, haijaenda popote. Hayo ndiyo makubaliano, na ni ya haki. Hakuna mtu anayekudanganya.

Shida ni kwamba una kasoro moja katika kuteleza kwako, na kasoro hiyo niliitia mimi. Haimo miguuni. Miguu yako ni mizuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni mwanangu; Bwana Hendrik alikwisha kulisema, naye si mtu wa kusifu ovyo. Kasoro iko mahali pengine, na ili uione itabidi turudi kwenye mteremko wa malisho, kule chini ya Bulyaga.

Unakumbuka kwamba mchezo ule ulikuwapo kabla ya mashindano. Sisi wenyewe tuliucheza. Mvua ikishanyesha siku nzima na nyasi zikalala, mtoto anachuna gome bichi la mgomba, analilaza, anasimama juu yake na kujiachia. Mama zetu waliuchukia kwa ajili ya utomvu, ambao ukishaingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo yenyewe iishe. Hakukuwa na mshindi. Kulikuwa na walioanguka na ambao hawajaanguka bado.

Mashindano yalikuja wakati biashara ilipofunguliwa na kila aliyeweza akafungua duka. Yule mwenye duka la mtaa wa Bagamoyo hapa mjini alikuwa ameanza kuleta soda kwa makreti, akataka watu wajue. Akatoa kreti moja na mpira wa ngozi, akaniomba niwe mwamuzi kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilikuwa na filimbi. Mwaka ule wa kwanza mshindi alipatikana kwa kelele. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wa Bulyaga, kwa hiyo mshindi akawa wa Bulyaga. Baba mmoja wa Isongole, aliyekuwa ameteremka na viazi vyake, akanijia mbele ya watu.

"Mwalimu," akasema, "haya mashindano ni ya kuteleza au ya kupiga makofi?"

Swali lile, mbele ya wanafunzi wangu, lilinikaa. Kwa hiyo mwaka uliofuata nilifanya kile nilichokijua. Nilikuwa nimesahihisha hesabu maisha yangu yote. Katika hesabu kila hatua iliyo sawa ina alama yake. Mtoto akikosea jibu la mwisho bado unampa za njiani. Nikaona dawa ni hiyo hiyo. Nikatangaza: kusimama bila kushika gome, alama moja. Kugeuka kushoto au kulia, alama moja kila mgeuko. Kuchuchumaa na kuinuka tena, alama moja. Kuzunguka mzunguko mzima, alama mbili. Nami nilisimama chini ya mteremko, na kila alama iliyopatikana niliinyooshea kidole hewani, ili mzazi yeyote aone na asije akasema nimependelea.

Ilikuwa haki. Hilo hata leo nalisema. Kila mtoto alijua anachotafuta. Ila walijua mno.

Mteremko ule, kama ujuavyo, una sehemu mbili. Juu ni mkali, na pembeni kuna mtaro wa maji. Chini unalala polepole hadi kwenye zizi. Juu ndiko mtu anakoweza kuvunjika mkono. Juu pia ndiko kugeuka kulikokuwa kugumu, na kwa kanuni zangu mgeuko wa juu ulikuwa alama moja na mgeuko wa chini ulikuwa alama moja. Watoto si wajinga. Sehemu kali wakaipita wameketi, wameshika gome kwa mikono miwili kama waliobeba mayai, na walipofika chini kwenye usalama wakasimama na kuanza kujinyonganyonga, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka gome likasimama lenyewe. Na wewe, mtoto wa mwalimu, uliyekuwa umekwisha kufanya hesabu hizo nyumbani, ulijinyonganyonga kuliko wote. Nilipungukiwa vidole.

Halafu akaja Ambokile, mtoto wa yule yule baba wa viazi. Hakuwa na gome; kwao Isongole migomba si mingi. Alikuwa na dumu la mafuta lililopasuliwa likanyooshwa. Alisimama tangu juu kabisa. Alikuja kwa mwendo ambao ulinifanya nisogeze mguu, na alipofika kwenye mtaro, palepale ambapo wengine walikuwa wakifumba macho, akalala upande akageuza lile dumu mara moja tu. Nyasi na tope viliruka juu ya kichwa chake. Watu wakapiga kelele. Akashuka sehemu ya chini amenyooka, bila kufanya lolote, kwa sababu hapakuwa na lolote la kufanya pale.

Nikanyoosha vidole viwili. Kimoja cha kusimama, kimoja cha kugeuka.

Ulikuwapo, kwa hiyo unakumbuka alivyonijia amejaa tope, akaniamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Huyu wako alikuwa anateleza au anapalilia?"

Watu walicheka mpaka mwenye duka akacheka. Baba yake hakucheka. Alifunga magunia yake na kusema, "Mwaka jana makofi, mwaka huu vidole," akaenda zake.

Nyumbani uliniuliza, "Baba, nilimshinda kweli?" Nikakujibu, "Vidole vinasema umemshinda." Lilikuwa jibu la mtu aliyesimama nyuma ya kanuni zake. Ulikunywa soda yako nusu, iliyobaki ukampa mama. Mwaka uliofuata sikubadili kitu, wala mwaka ule mwingine. Hakuna aliyenilalamikia tena, nami nikachukua ukimya ule kuwa dalili kwamba kazi ni nzuri. Ambokile hakuja tena. Nadhani hapo ndipo ningepaswa kufikiri, lakini mwamuzi huwatazama waliokuja.

Bwana Hendrik alikuja wakati kiwanda cha chai kilipouzwa na mitambo mipya ikaletwa. Wote mjini waliona kile kitu juu ya gari lake kabla hawajamwona mwenyewe. Kuna waliosema ni kipande cha ndege. Bwana Hendrik alipokuja kwetu mara ya kwanza kuniomba nimsaidie lugha, mama yako alimkaribisha chai na kumuuliza bila kuzunguka:

"Bwana Hendrik, ile meza yako ya kupigia pasi mbona haina miguu?"

"Si pasi, mama. Hiyo farasi yangu."

"Farasi ana miguu."

"Hii miguu yake mimi," akasema, akajipiga mapaja, na mama yako akamwongezea chai.

Kwao, siku za mapumziko, alikuwa akikaa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya mawimbi. Nilipojua hilo nilimheshimu kama mtu wa fani moja nami. Alipotuchukua kwenda Matema wakati wa mwera, ule upepo wa kusini, mimi nilikwenda kutafsiri na wewe ulikwenda kwa sababu ulikwisha kupanda nyuma ya gari. Ziwa lilikuwa limechafuka. Mawimbi yalikuja mafupi, yamekaribiana, kila moja likisukuma lililotangulia. Aliteleza yeye kwanza, kisha akakupa ubao. Ulimeza maji siku nzima. Siku ya pili ulisimama, na ulisimama kama mtu aliyekuwa akisimama tangu zamani, kwa maana ulikuwa umekwisha kuteleza juu ya kitu chenye utelezi zaidi ya maji.

Bwana Hendrik alikuwa amekaa karibu yangu mchangani. Akasema, "Huyu kijana anaogopa?"

"Haogopi," nikasema.

"Basi mbona anatazama huku? Kila akigeuka anatazama huku."

Nikashusha mkono. Nilikuwa nimenyoosha vidole vinne bila kujijua.

Nilimweleza habari za mteremko, nikidhani atazipenda kanuni zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: katika mwaka wowote, je, yule niliyempa alama nyingi ndiye ambaye watu walikwenda nyumbani wakimsimulia? Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ulikuwa unapima kitu kingine." Hakusema kwa kunikebehi. Alisema kama fundi anayekuambia mkanda wa mashine umekaa upande.

Sasa nakueleza alivyonieleza, kwa mpangilio wangu.

Mwamuzi wa mawimbi hana bei ya kila mgeuko. Analiangalia wimbi lote ulilolipanda tangu uliposimama hadi ulipoliacha, kisha analipa alama moja kwa ujumla, kuanzia sifuri hadi kumi. Wala hayajumlishwi mawimbi yako yote. Yanachukuliwa machache yaliyo bora, mengine yanatupwa. Kwa hiyo mtu anayepanda kila wimbi linalopita anajichosha bure. Pale Matema ulikuwa ukipanda kila kitu kinachosogea. Durban kaa juu ya ubao wako uangalie. Kuacha wimbi baya lipite ni sehemu ya kuteleza, ingawa hakuna anayelipigia makofi.

Jambo la kwanza analoliangalia ni mahali. Wimbi lina sehemu iliyokwisha kuvunjika, ambayo ni povu. Sehemu iliyolala mbele, ambayo haina nguvu. Na sehemu moja nyembamba kati ya hizo mbili, ambapo maji yamesimama wima na yanataka kuanguka sasa hivi. Huo ndio mtaro wetu. Mgeuko uliofanywa hapo na mgeuko uliofanywa kwenye maji yaliyolala ni vitu viwili tofauti, hata kama mwili umefanya tendo lile lile. Wa kwanza unaweza kuinua alama ya wimbi lako. Wa pili mwamuzi anauona, anauacha.

Kuna mgeuko wa chini kabisa ya wimbi, mara tu baada ya kusimama. Wenyewe hauna alama za kutaja, na wanaoanza huupuuza. Lakini ndio unaokupa mwendo wa kupanda tena juu. Ukiwa mlegevu, yote yanayofuata yatakuwa malegevu. Kutoka hapo unapanda hadi kwenye mdomo wa wimbi, pale unapojikunja, na kugeuza ubao kwa nguvu ili urudi chini. Huu ndio unaotafutwa zaidi. Kadiri unavyouchelewesha mpaka mdomo ule unaanguka, na kadiri mkia wa ubao unavyorusha maji mengi, ndivyo alama yako inavyopanda. Ukikimbilia mbele mno ukajikuta kwenye maji yasiyo na nguvu, usijinyonganyonge hapo kungoja. Zunguka urudi kuelekea povu, mzunguko mpana wa mviringo, mpaka ulipige, kisha ugeuke tena. Huko si kurudi nyuma. Ni kurudi kwenye nguvu, na mwamuzi hulipia hilo kwa sababu wengi huona uvivu kulimaliza, hukata nusu.

Yapo mengine. Wimbi likikuvunjikia mbele unaweza kupanda juu ya povu lake ukapita kama mtu anayepita juu ya paa, ukashukia upande wa pili. Likiwa na shimo ndani, linapojikunja likaacha nafasi, unaweza kuingia humo ukafichwa na maji na kutoka ukiwa umesimama. Hilo Matema hukulipata hata mara moja, mawimbi yetu hayana subira ya kutengeneza shimo. Bwana Hendrik anasema ndilo linalolipwa kuliko yote, lakini kwa sharti moja: utoke. Aliyeingia akamezwa huko ndani hajafanya kitu. Na siku hizi vijana wa kwao wameanza kuruka juu ya mdomo wa wimbi hadi hewani na kutua tena. Waamuzi wazee bado wanakuna vichwa. Usijaribu kwa ajili ya kuonekana.

Nimeandika "utoke," na sharti hilo linahusu yote. Tendo lisilokamilika halina bei. Ukianza mgeuko mkubwa ukaanguka katikati yake, mwamuzi anahesabu yaliyotangulia tu. Hapo ndipo watu hujifunza woga, na woga huo una hoja nzuri: kwa nini nijaribu kubwa nikose, na ndogo nitazipata? Nilimuuliza Bwana Hendrik hivyo hivyo. Akasema, "Ndogo tatu haziwi kubwa moja, Mwalimu. Ndogo tatu ni ndogo tatu."

Nikamwambia, kama hakuna bei, haki iko wapi? Kila mwamuzi si atatoa anachotaka? Akaeleza kwamba hukaa kadhaa, kila mmoja anaandika bila kumtazama mwenzake. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, na zilizobaki ndizo zinazojumlishwa na kugawanywa. Nilifikiri sana juu ya hilo. Mimi pale mteremkoni nilikuwa peke yangu, na kwa kuwa niliogopa jicho langu niliweka vidole mahali pake. Wao wanajua jicho la mtu mmoja linakosea, lakini hawakulitoa. Wameliongezea macho mengine.

Na moja zaidi, kwa sababu ukilikosea hilo hakuna mgeuko utakaokuokoa. Wimbi lina mwenyewe. Aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki nalo. Ukimwingilia mbele yake unakatwa alama, hata kama hukumgusa. Pale ziwani mlikuwa wawili tu mkipokezana ubao, na mwenzako, Bwana Hendrik, alikuwa mzee mwenye subira. Kule watakuwa vijana wenye njaa ya wimbi lile lile. Tazama upande wa kuvunjika kabla hujapiga kasia kwa mikono.

Nimeona nikueleze pia kwamba habari za vidole hazikuishia kwenye gome. Ulipokuwa mdogo niliombwa nikaanzishe shule huko Mwakaleli, mahali palipokuwa na msitu na kibanda. Ningeweza kushindwa vibaya. Nikasema hapana, kwa sababu shuleni kwangu nilikuwa na mambo mengi madogo niliyoyafanya vizuri: mahudhurio, bustani, kwaya, bendera. Yote yalikuwa sawa, na mkaguzi aliyawekea yote alama ya vema. Shule ya Mwakaleli aliianzisha mtu mwingine, akakosea mengi, na ipo hadi leo. Sijutii kwa uchungu. Naliangalia kama ninavyoliangalia shamba la jirani. Lakini nilikuwa nikikulea miaka ile ile, na mtoto hujifunza kwa kutazama mtu anavyopita sehemu kali ya mteremko, kama amesimama au ameketi.

Tunakuja kwenye Matema ya mara ya mwisho, mwezi uliopita, Bwana Hendrik alipokwisha kuondoka na kukuachia ubao. Niliamua siku ile kuweka mikono mfukoni. Uliteleza asubuhi yote. Mawimbi mawili ya kwanza uligeuka kama kawaida yako, kidogo kidogo, ukatazama ufukweni, ukaona mifuko. La tatu ulipanda hadi juu, ukachelewa, ukageuza kwa nguvu zote, na likakutupa. Ubao uliibuka peke yake. Ulipotoka majini ulikuwa na damu kwenye goti na hasira usoni.

"Baba, mbona hunipi kitu?"

"Sihesabu leo."

"Sasa nitajuaje?"

Nikauokota ubao nikaanza kupanda kwenda barabarani. Ulidhani nakuadhibu, na njia nzima ya kurudi ulikaa nyuma ya gari na wauza dagaa. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na hujaniuliza tena. Mama yako anasema umekuwa mkimya kwa sababu ya safari. Mimi nadhani ni swali hilo. Utasimama mbele ya watu wasiokujua, na hutaona kidole cha mtu yeyote mpaka shindano limekwisha.

Nimelitafuta jibu. Nililipata nikikumbuka namna Ambokile alivyomaliza mteremko, alivyoshuka sehemu ya chini amenyooka, kasi yake ikimpeleka hadi kwenye zizi, wakati wewe gome lilikuwa limekwisha kusimama. Mgeuko wa kweli unakutoa na mwendo. Unaingia nao, unaulaza upande, na ukitoka unao tena, wakati mwingine zaidi ya ulioingia nao. Mgeuko wa kuonyesha unakula mwendo. Mwili wako unaijua tofauti hiyo papo hapo, kwenye nyayo, kabla jicho la mtu yeyote halijaona. Ukitoka kwenye mgeuko ubao ukawa unakukimbiza, umegeuka. Ukitoka ikawa inabidi uusukume, ulikuwa unapalilia. Hivyo ndivyo utakavyojua, na hakuna mwamuzi anayeweza kukupa habari hiyo mapema kuliko nyayo zako.

Siwezi kukuambia kwamba ukifanya hivyo utashinda. Inawezekana ukapanda wimbi zuri, ukachelewa mahali panapotakiwa, likakutupa kama la Matema, na mwenye karakana akakukatia tiketi. Nimelifikiria hilo pia. Ukirudi kwa sababu hiyo, nitakuja stendi kukupokea na mzigo tutaubeba pamoja, na hutasikia neno. Ningehuzunika zaidi ukibakizwa kule kwa ajili ya alama ndogo ndogo, kwa kuwa ungetakiwa kuzifanya maisha yako yote.

Namsikia mama yako anaongea na mtu uani. Nadhani umerudi, na kwa sauti yake bibi amekubebesha mkungu. Mwambie mama yako huwezi kuvuka nao mpaka. Mimi amekataa kunisikia.

Ukifika, uandike. Matokeo mwandikie mama yako, maana atataka kuwapitishia majirani kabla barua haijakunjwa. Mimi sitaki kujua ulipata ngapi. Niandikie wimbi moja tu: lilivunjikia upande gani, na ulikuwa mahali gani juu yake lilipoanza kujikunja.

Baba yako
Bulyaga, Tukuyu